Chai ya Kobe

Kwetu Mwabungo mtu anayekula mchana wa Ramadhani huitwa kobe. Usiniulize kwa nini kobe na si mnyama mwingine. Labda ni kwa sababu kobe akisikia nyayo hurudisha kichwa ndani, na ukimwangalia vizuri utaona bado anatafuna.

Mwaka juzi kobe wa nyumba yetu nilikuwa mimi. Nilikuwa na mtoto wa miezi saba, namnyonyesha, na dini imeniruhusu nile, nije nilipe siku zangu baadaye. Kila mtu nyumbani alilijua hilo. Hata hivyo, kila saa nne asubuhi nilipojifungia jikoni na chai yangu na mahamri yaliyobaki ya futari, Mama mkubwa alikuwa hakosi kupita dirishani akikohoa.

"Kobe wetu ameamka?"

"Kobe anakunywa chai, Mama mkubwa. Karibu."

"Astaghfirullahi!"

Mama mkubwa ni dada mkubwa wa mama yangu. Mama yangu mwenyewe anaishi Waa kwa mumewe, na mume wangu alikuwa anafanya kazi Shimoni, anakuja Alhamisi anaondoka Jumamosi. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanne: Mama mkubwa, mimi, mtoto wangu, na Bibi, mama yao mama zangu. Kitambulisho cha Bibi kinasema amezaliwa tarehe moja Januari, kama wazee wote wa rika lake, utadhani walipakuliwa siku moja kutoka sufuria moja. Kwa hesabu yetu alikuwa ameshapita tisini. Alikuwa anasikia vizuri, anaona nusu, na meno yake mawili ya chini aliyatumia kwa kazi zote, ya kwanza kila siku ikiwa ni kuniita kobe na kunicheka.

Na alikuwa anafunga. Ana kisukari, anameza vidonge, amepita tisini, na anafunga. Nilipomwambia kwamba mtu kama yeye hana lazima, alinijibu, "Lazima yangu unaijua wewe?" Nilipomwambia Mama mkubwa amkataze, akaniambia, "Nimkataze mamangu ibada? Wewe ni daktari wa kidato cha nne?"

Hilo ndilo jina langu la pili mle ndani. Nimesoma mpaka kidato cha nne, baiolojia nilipata B, na sikuachiwa nisahau.

Sasa nitasema yaliyotokea, na nitasema nilivyokasirika, kwa sababu nilikasirika. Mpaka leo nikikumbuka nasikia masikio yanapata moto. Lakini naandika nikiwa nimekaa barazani, mtoto anakimbiza kuku, na Bibi yuko ndani ananiuliza kama nimekufa mbona siitiki. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Ilikuwa siku ya kumi na nane ya mfungo, baada ya adhuhuri. Bibi alikuwa amekaa kitandani kwake anasuka ukili, kama kawaida yake. Nilimwacha hapo nikaenda uani kufua nguo za mtoto. Nikiwa nafua nilimsikia akisema kwa sauti kwamba ng'ombe wameingia kwenye mihogo. Sisi hatujawahi kuwa na ng'ombe. Nikacheka peke yangu, nikadhani anaota. Niliendelea kufua. Kucheka kule sijakusahau.

Nilipomaliza kuanika nilisikia sauti nyingi ndani, za wanawake, zinasoma Yasini.

Nikaingia na mtoto kiunoni. Kitanda cha Bibi, ambacho tangu nizaliwe kimekaa ukutani karibu na mlango, kilikuwa katikati ya chumba. Walikuwa wamekigeuza. Kichwa upande wa bahari, miguu upande wa bara, na Bibi amelazwa ubavu wa kulia, uso wake kibla. Majirani wanne walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Mama mkubwa alikuwa ameinama sikioni kwa mamake anamtamkisha shahada, machozi yanamtiririka.

"Ameingia sakarati," akaniambia. "Njoo umuage, mwanangu, usipige kelele."

Nilimwangalia Bibi. Alikuwa anakoroma na macho nusu wazi. Kanga yake ilikuwa imerowa kama iliyotoka kufuliwa. Nilimgusa shingo, baridi, jasho tupu. Na mikono yake, hicho ndicho kilichonishtua, mikono yake ilikuwa bado inasuka. Ukili ulikuwa umeanguka chini zamani, vidole vinasuka hewa.

Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kliniki ya sukari, nikiwa na mimba kubwa, tunakaa kwenye benchi mpaka miguu inavimba. Na kwenye benchi hilo nesi mmoja alisimama siku moja akatuambia sote: mgonjwa wako akitoka jasho la baridi na akaanza kusema mambo yasiyokuwepo, usimuulize kitu, mpe sukari. Maswali baadaye.

Sukari ilikuwa jikoni. Na nyumba nzima, mchana ule, kitu kitamu kilichokuwa tayari kilikuwa kimoja tu: kikombe changu cha saa nne. Mimi hutia sukari nyingi na sikorogi vizuri, huwa inabaki chini nzito kama asali. Nilimtupia jirani mtoto mapajani, nikakimbia, nikarudi na kikombe. Nikachota yale mashapo kwa kidole.

Mama mkubwa akanipiga mkono.

"Amefunga!"

"Anakufa, Mama mkubwa."

"Ndiyo, anakufa amefunga! Unajua bahati gani hiyo? Unataka kumpeleka kwa Mola wake na chai yako ya kobe mdomoni?"

"Hafi kwa siku zake. Anakufa kwa sukari!"

"Sukari anayo miaka ishirini, leo ndiyo imemuua?"

"Imeisha! Sukari imeisha mwilini! Ondoa mkono."

Sikuwahi kumwambia Mama mkubwa "ondoa mkono" maishani mwangu. Nadhani ni mshangao ndio uliomfanya auondoe. Nikampaka Bibi ile sukari ndani ya shavu na kwenye fizi, kidogo kidogo, nikijua nikimmiminia chai atapaliwa. Majirani walikuwa wameacha kusoma. Mmoja alisema, "Laa ilaaha," akanyamaza. Nikamwambia yeye yule, "Badala ya kunitazama nenda kamwite mumeo alete tuktuk."

"Mume wangu ameshakwenda msikitini kusema."

"Kusema nini?"

Mumewe alikuwa ameshakwenda kutangaza msiba, Bibi bado anasuka!

Alirudishwa kwa simu. Tulimpakia Bibi kwenye tuktuk, kichwa chake mapajani kwangu, nami kila tukiruka shimo nampaka kidole kingine. Mama mkubwa alikaa mbele na dereva, tasbihi mkononi. Mtoto nilimwacha kwa jirani, na maziwa yakaanza kunitoka njiani, nikafika hospitali nimelowa kifua kizima. Hospitali yenyewe siitaji. Si lazima.

Getini kulikuwa na askari, mtu wa bara.

"Fungua, bibi yangu anakufa!" nikamwambia.

"Bibi yako?" Akaniangalia juu mpaka chini. "Unasema bibi yako? Kwani bwana yake ako wapi?"

"Alikufa wewe hujazaliwa. Fungua!"

Aliangalia ndani ya tuktuk, akaona mwenyewe ni bibi wa aina gani. "Aah, shosho! Si useme ni shosho!" Akafungua. Kumbe kwao bibi ni mke. Yule dereva wetu alicheka mpaka mlangoni pa wodi ya dharura, na nikiri kwamba hata mimi, na hali ile, kitu kilinikuna.

Ndani hatukucheka. Daktari alikuwa kijana, huenda ananizidi miaka mitatu, macho mekundu ya kukosa usingizi, foleni imefika nje. Alimtazama Bibi kwenye machela akiwa amesimama mbali.

"Shosho ana miaka ngapi?"

"Mpime kidole," nikasema.

"Nauliza miaka, mama."

"Na mimi nakuambia kidole. Ana kisukari na amefunga. Miaka nitakupa baadaye, na kitambulisho nitakupa."

Mama mkubwa akaingilia kwa adabu zake zote: "Amepita tisini, baba."

Na hapo nikaona uso wa yule kijana ukibadilika. Ulilainika, na ulainifu ule ndio ulioniogopesha. Alikuja akaniwekea mkono begani, akashusha sauti. "Mama, kwa umri huu saa zingine inakuwa ni wakati tu umefika. Tunaweza kumsumbua bure na masindano. Wengine hupendelea kurudi naye nyumbani."

Nyumbani, kwenye kitanda kilichogeuzwa.

Watu wengi nimewakasirikia. Mume wangu anaweza kukupa orodha. Lakini hasira ile ilikuwa baridi na safi, sikupiga hata kelele.

"Nikuulize kitu, daktari. Kama huyu angekuwa msichana wa miaka ishirini, ana kisukari, hajala tangu alfajiri, analoa jasho hivi, ungempima nini kwanza?"

"Sukari," akasema.

"Basi mfanye ni msichana."

Alinitazama. Kisha akatoa mkono begani kwangu, akachukua kile kimashine, akamtoboa Bibi kidole. Tukasubiri zile sekunde. Mashine haikutoa namba. Iliandika herufi mbili, na mimi nilizisoma kabla yake: L, na O. Chini. Chini hata mashine haikuweza kuhesabu.

Kuanzia hapo sina la kumlaumu. Alipiga kelele nesi akaja mbio. Mishipa ya Bibi ni kama nyuzi za ukili, unaiona, ukiigusa inakimbia. Mara ya kwanza ikapasuka. Mara ya pili ikapasuka. Mara ya tatu yule kijana alipiga magoti sakafuni, akaushika mkono wa Bibi kwenye mwanga wa dirisha, akasema polepole, "Shosho, nisaidie," na sindano ikaingia. Wakasukuma ile dawa ya sukari, nzito, polepole sana. Mama mkubwa alikuwa amegeukia ukuta.

Mikono ilikuwa ya kwanza kuacha. Viligota, vikatulia, vile vidole. Kisha akaacha kukoroma. Kisha akafumba macho vizuri, kama mtu anayelala kwa hiari, na nikaona roho yangu inatoka badala ya yake. Kisha akayafungua. Akaangalia dari, akamwangalia daktari, akapitisha ulimi kwenye fizi. Akapitisha tena.

"Iliki," akasema.

"Bibi?"

"Hii ni iliki. Nani amenipa chai?"

"Bibi, ulikuwa—"

"Magharibi imeingia?"

"Bado, Bibi."

Alinitafuta kwa jicho lake lile moja zima mpaka akanipata. "Kobe wewe! Siku kumi na saba nimefunga, ya kumi na nane umenikatia kwa kidole!"

Mama mkubwa alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kilio au ni kicheko, akatoka nje. Daktari alicheka wazi. Aliuliza, "Amesema nini?" na nesi, ambaye ni wa huku, akamfasiria kuhusu kobe. Halafu daktari akamkagua Bibi, macho, mapafu, miguu, akaniambia, "Nani alimlaza kwa ubavu? Mate yote yametoka nje. Angelazwa chali angepaliwa."

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Wallahi nilitaka kusema ni mimi.

"Ni yule mama aliyetoka," nikasema.

Kisha akaomba kuona dawa. Zilikuwa kwenye pindo la kanga ya Bibi, zimefungwa kwa karatasi. Akazisoma. "Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Leo alimeza ngapi?"

"Kimoja. Wakati wa daku."

"Viwili," Bibi akasema.

"Kimoja, Bibi."

"Viwili. Ya asubuhi na ya jioni. Si nilikuambia nipe na ya jioni kabisa, mchana siwezi kumeza na baada ya futari nasahau kwa ajili ya tarawehe? Ukanipa."

Nikampa. Ni kweli. Nilikuwa nimekaa kitako macho yamefumba, mtoto ziwani, na sauti ikasema nipe na ya jioni, na mkono wangu ukatoa. Alivimeza kwa maji na tende moja, kwa sababu wali ulimshinda. Nilikuwa nimewakasirikia majirani, Mama mkubwa, askari, daktari na dereva. Nilikuwa nimewagawia wote. Na aliyempa ni mimi.

Nilimwambia daktari, "Ni mimi niliyempa."

Hakunilaumu. Alisema kliniki walipaswa kumuuliza kama atafunga, wakambadilishia dawa. "Kidonge hiki hakijui Ramadhani," akasema. "Na figo za mtu wa umri huu zinakitoa polepole, kwa hiyo sukari itashuka tena. Hawezi kurudi leo." Kisha akasema, akiwa anaandika, bila kuniangalia: "Ile ya nyumbani nilisema, uniwie radhi."

"Nimekuwia," nikamwambia. Nilimaanisha. Nilikuwa sina tena mahali pa kusimama kumkasirikia mtu.

Ilishuka tena kweli, kabla jua halijazama, na wakampa tena. Kama tungekuwa nyumbani ingekuwa kwisha. Mama mkubwa alirudi wakati wa futari na uji wa mchele kwenye chupa, na mtoto wangu mgongoni, amelia mpaka sauti imekauka. Akasimama miguuni pa kitanda.

"Umenigeuzia kitanda?" Bibi akamuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Kichwa wapi?"

"Baharini."

"Mlinivisha na sanda?"

"Bado, mama."

"Ahsante kwa kusubiri."

Tulirudi siku ya pili yake. Daktari aliagiza mambo matatu: asifunge, vidonge asiguse mpaka arudi kliniki wabadilishe, na ale kidogo kila baada ya saa chache, kwa maana mwili bado haujawa wake. Bibi alimsikiliza na tabasamu, akamwombea dua, akamwambia, "Inshallah, mwanangu." Yule kijana aliridhika. Mimi ile inshallah naijua. Ni ile anayompa mtu anayekuja kuomba kuuziwa shamba.

Asubuhi iliyofuata nikampelekea chai kitandani.

"Nimetia nia," akasema, akageuza uso.

Nilimwambia yote aliyosema daktari. Akasema daktari ni Mkristo. Nikamwita ustadhi wa chuoni, akaja kwa heshima, "Shikamoo Bibi," akakaa, akamweleza kwamba mgonjwa na mtu mzima sana wameondolewa, wanalisha masikini kwa kila siku, na malipo yao hayapungui. Bibi akasema, "Marahaba, ahsante, wewe nilikuogesha ulipozaliwa." Na hakunywa. Mama mkubwa safari hii alikuwa upande wangu, alilia, alimshika miguu. Hakunywa. Vidonge nilikuwa nimevificha, lakini bado mwili ulikuwa na vile viwili, na kila nikimtazama paji la uso natafuta jasho.

Basi nikachukua kile kikombe nilichomletea, na changu, nikaviweka vyote kwenye kigoda mbele yake. Nikakaa chini.

"Na mimi nimetia nia," nikasema.

"Nia gani?"

"Ya kufunga. Ukifunga nafunga. Ukikaa mpaka magharibi nakaa."

"Wewe unanyonyesha."

"Na wewe unaumwa."

"Mjinga wewe. Utamkausha mtoto."

"Tutakaushana humu ndani sote, Bibi. Wa juu na wa chini."

Hapo tukakaa. Saa tatu. Saa nne, saa yangu ya jikoni, tumbo likaanza kusema. Mtoto akanyonya, akalala, akaamka, akanyonya tena. Yeye hakujua habari za nia. Kufika karibu na saa sita alikuwa anavuta, anaachia, ananitazama, analia kwa hasira. Ni mwanangu kweli. Nikambadilisha upande. Sikuwa nafanya mchezo wa kuigiza, nilikuwa na njaa na nilikuwa na hofu, na kama Bibi asingesema kitu sijui ningefika wapi.

"Anavuta hewa," Bibi akasema.

"Ndiyo."

Akasikiliza kile kilio muda mrefu.

"Mamako alikuwa analia hivyohivyo," akasema. "Nilikuwa namnyonyesha, na mama mkwe wangu akanikuta nakula muhogo mchana. Akaniita kobe mbele ya watu. Mimi nikaona haya, nikafunga ule mwezi mzima kwa ajili ya lile neno. Si kwa ajili ya Mungu. Maziwa yakakatika. Mamako nilimlea kwa maziwa ya mbuzi, alikuwa kama kijiti cha mswaki, watu wanakuja kumtazama wanatikisa kichwa." Akanigeuzia uso. "Na mimi tena nikaja kukuita wewe neno hilohilo, kila siku, nacheka."

Nikamweka mtoto begani, nikampigapiga mgongo.

"Chai imepoa?" akauliza.

"Imepoa."

"Lete hivyohivyo. Kwanza wewe."

Nikanywa kwanza mimi, kwa sababu aliamrisha. Kisha akanywa yeye. Alikuwa anashika kikombe kwa mikono miwili, na kila fundo anasema bismillahi kama ndiyo la kwanza. Akaniambia nifunge pazia, si kwa kuona haya, ila kwa adabu ya mwezi na wanaofunga. Nikafunga. Upepo wa baharini ukaliinua pazia likawa kama tumbo la mjamzito, likatua.

Dirishani akakohoa mtu.

"Kobe wetu ameamka?" Sauti ya Mama mkubwa ilikuwa ya woga, anauliza kitu kingine kabisa.

"Makobe," Bibi akajibu kwa nguvu. "Tuko wawili. Jifunze kuhesabu."

Kisha tukamsikia anaondoka haraka haraka kwenda jikoni, na baada ya muda mkono wake ukapenya chini ya pazia na sahani ya mahamri ya moto, na yeye mwenyewe amefunga, anayanusa tu. Bibi alilichovya moja kwenye chai mpaka likalainika. Akajaza na sahani ya pili, na hiyo, siku ile na siku zote zilizobaki, Mama mkubwa aliipeleka mwenyewe kwa mzee mmoja asiye na watu, nyuma ya msikiti, fidia ya mamake.

Kitanda hatukukirudisha ukutani. Siku ile ile nilitaka, nikawaita majirani walewale waliokigeuza, waje wakibebe. Bibi akawafukuza. "Kiacheni," akawaambia. "Miaka yote hii nalala kwenye joto karibu na mlango, na upepo uko huku. Ilibidi nife ndiyo mtu anihamishe?"

Basi kiko hivyo mpaka leo, katikati ya chumba, kila anayeingia anajigonga mguu.

Ramadhani hii mtoto wangu ameshaachishwa ziwa, na mimi nafunga, nalipa na za nyuma nikimaliza. Bibi ana dawa nyingine, hafungi. Anasuka ukili, anaulizia mihogo, ana meno yaleyale mawili. Saa nne asubuhi namtengenezea chai yake, bila sukari siku hizi, iliki nyingi, natoka namfungia pazia. Kisha nikipita uani na nguo zangu za kuanika nasimama dirishani, nakohoa.

"Kobe wetu ameamka?"

"Kobe anakunywa chai," anasema kutoka ndani. "Karibu."

"Astaghfirullahi, Bibi."

"Basi pita, unanizuilia upepo."